Hapa Watu Huketi Wapi?

Bibi yangu, mama yake mama, alikuja kututembelea Malindi mwezi wa Desemba, shule zilipokuwa zimefungwa, akakaa nasi kwa siku 12. Kwa mtu mwingine safari ya kutoka Lamu hadi Malindi si jambo la kuandikwa, lakini Bibi si mtu wa kutoka. Hesabu ya umri wake anaijua mwenyewe: husema alikuwa tayari msichana wa kutumwa dukani vita vya Wajerumani vilipomalizika, kwa hivyo sisi humkadiria miaka 87 au 88, naye hatupingi wala hatuthibitishii. Katika miaka hiyo yote amefika Mombasa mara tatu na Makka mara moja, lakini Malindi, tangu nilipoolewa huku, hakuwahi kufika hata siku moja. Kila nilipomwalika alinijibu kwamba nyumba haiachwi peke yake, kana kwamba nyumba ya mawe iliyosimama mtaa wa Mkomani, Lamu, tangu kabla ya babu wa babu yake ingehama siku atakapoipa mgongo.

Alivuka kwa boti alfajiri hadi Mokowe akisindikizwa na mjomba wangu, wakapanda basi linalopitia Hindi, Witu na Garsen, safari ya zaidi ya kilomita 200. Barabara ile sasa ina lami, ila Bibi alikuwa amejiandaa kwa enzi za mabasi kukwama kwenye matope ya Mto Tana na abiria kulala njiani: alibeba mikate ya mofa ya kutosha siku mbili na chupa kubwa ya maji ya kutawadhia. Kwenye vizuizi vya polisi, ambako abiria wote hushuka na kuonyesha vitambulisho vyao, askari kijana alimwambia abaki kitini, akapanda mwenyewe ndani ya basi kukitazama kitambulisho chake. Kisa hicho cha kuachwa akae alitusimulia mara nyingi kuliko habari za safari yote iliyobaki.

Mzigo wake ulikuwa pakacha la maembe, halua, ng'onda, samaki waliokaushwa, waliofungwa kwa magazeti matatu na bado wakanuka tangu kituoni hadi nyumbani, na mbuzi yake ya kukunia nazi, iliyoviringishwa kwenye leso kama mtoto mchanga. Nilimwambia kwamba nina blenda. Akaniambia amesikia.

Watoto wangu wawili, wa kiume mwenye miaka 9 na wa kike mwenye miaka 6, walimbusu mkono na kumwingiza ndani. Alikunywa maji, akauliza kibla, akauliza choo, kisha akaomba aonyeshwe nje. Sisi tumepanga Barani, katika nyumba yenye ukuta mrefu na lango la chuma, kama zilivyo nyingi za mtaa huu. Bibi alisimama langoni, akautazama ukuta kulia na kushoto, akaitazama barabara ya vumbi, akaniuliza, "Hapa watu huketi wapi?" Nikamjibu kwamba tunaketi sebuleni, nikamwonyesha makochi kupitia dirishani.

"Kwenye makochi huketi wageni," akasema. "Mimi nauliza watu."

Kwa asiyeijua Lamu yafaa nieleze, kwa sababu swali hilo ndilo lililotuongoza siku zote 12. Nyumba ya Lamu ya kale huanzia nje ya mlango wake. Kabla hujaufikia mlango kuna daka, ukumbi mdogo wenye viti vya mawe pande zote mbili, ambapo mwenye nyumba humpokea mtu asiyekuwa na haja ya kuingia ndani. Kando ya Usita wa Mui, njia kuu ya mji, na pale Mkunguni mbele ya Ngome, kuna baraza baada ya baraza, na kuanzia Alasiri utawakuta wazee wamezijaza, wengine kwa kahawa, wengine kwa bao, wengine kwa kazi ya kutazama tu. Wanawake zamani hawakuketi usitani, lakini mwanamke wa umri wa Bibi huweka kiti chake tekani, ukumbi ulio nyuma ya mlango, mlango ukiwa wazi, na hakuna apitaye asimsalimu. Magoti yake yamechoka kwa miaka mingi, na hata hivyo hutembea Mkomani hadi mtaa wa Langoni bila fimbo, kwa sababu kila baada ya nyumba tano au sita pana mahali pa kuketi, na pale anapoketi hapana anayemuuliza anasubiri nini.

Mimi nilikuwa nimeandika ratiba. Naona haya kidogo kuitaja, lakini ilikuwa kwenye karatasi na ilikuwa na saa: siku ya kwanza ufuo na soko, siku ya pili Nguzo ya Vasco da Gama na makumbusho, siku ya tatu Gede na Watamu, siku ya nne Marafa kuona makorongo ya Nyari. Mume wangu aliisoma akauliza kama Bibi amekuja kutembea au amekuja kufanya mtihani. Kufikia Adhuhuri ya siku ya kwanza ratiba ilikuwa imekwisha kazi. Jua la Desemba si la kumtembeza mzee, na Bibi mwenyewe aliweka masharti mawili: atoke ama mapema asubuhi ama baada ya Alasiri, na asipelekwe mahali ambapo hakuna pa kuketi. La pili lilitushinda. Tulipohesabu, mimi na mume wangu, sehemu za wazi za mji huu ambapo mtu anaweza kuketi bila kuagiza soda, hatukumaliza vidole vya mkono mmoja. Nimeishi hapa miaka 11 sijawahi kuliona jambo hilo. Mwanangu ndiye aliyelitatua, kwa kuchukua kigoda cha plastiki cha rangi ya buluu ambacho mimi hukitumia nikifua, na tangu hapo kigoda kikawa ndani ya kila tuktuk tuliyopanda.

Tuktuk yenyewe Bibi aliipenda mno. Alisema inakwenda kwa kimo cha punda, kwamba aliyeketi ndani yake anaweza kuwaona watu nyuso na kuwajibu salamu, tofauti na basi, ambalo humfanya mtu awatazame wenzake kama yuko darini. Kilichomtisha ni kuvuka barabara kwa miguu. Mjini kwao usita haupitishi gari, na kifaa cha hatari kuliko vyote ni punda aliyebeba mawe na kukata kona bila kupiga kelele.

Matembezi ya kwanza yalikuwa ya pwani ya mji, karibu na gati. Bibi aliitazama bahari kwa muda, akafuta miwani yake, akaitazama tena. Maji yalikuwa mekundu kama chai ya maziwa. Wageni wengi wanaokuja Malindi mwezi huo huudhika, na hata sisi wenyeji hulizungumza jambo hilo kama kwamba ni aibu ya familia. Nilimweleza kwamba huo ni udongo wa Mto Sabaki, unaoingia baharini kaskazini mwa mji. Kwamba mto huo huanzia mbali, bara, ukiitwa Athi, kisha ukaitwa Galana, na unapotukaribia sisi ndipo huitwa Sabaki. Na kwamba mvua za vuli zikinyesha huko juu, na pepo za kaskazi zikianza kuvuma, maji hayo husukumwa kusini hadi mbele ya mji. Ndiyo maana ufuo wa hapa umekuwa ukipanuka, na nyumba zilizojengwa kando ya maji sasa ziko mbali nayo. Bibi alisikiliza yote, kisha akasema kwamba basi watu wa Nairobi wanapoteza mashamba yao na sisi ndio tunaokanyaga.

Alikaa kwenye kigoda chake akiyatazama majahazi machache yaliyokuwepo. Baba yake alikuwa akisafirisha boriti, na safari nyingine, badala ya kuvuka kwenda Arabuni, walishuka kwa pepo hizohizo za kaskazi hadi Malindi na Mombasa. Kwa hivyo Malindi aliijua kwa masikio: alijua kwamba kuingia hapa wakati wa mawimbi ni shida, alijua kwamba maji ya visima vya mjini yalikuwa na chumvi, na alijua kwamba kuna mtaa unaoitwa Shela, jambo lililomchekesha kila tulipoupitia, kwa kuwa Shela anayoijua yeye ni ile ya Lamu yenye mchanga mweupe wa kilomita nyingi. Mwanangu, aliyekuwa amefundishwa habari hiyo shuleni, alimweleza kwamba mwaka 1415 twiga wa kutoka Malindi alifika Uchina kwa mfalme. Bibi hakustaajabia Uchina. Aliuliza walimpandishaje jahazini. Tulipokosa jibu, alifikiri, kisha akatoa uamuzi kwamba ni lazima alipandishwa akiwa ndama, usiku, akiwa amefunikwa macho, kama wanavyopandishwa ng'ombe wakaidi.

Tulipokuwa tukiondoka, kijana mmoja muuza vinyago, aliyezoea watalii wa Kiitaliano ambao mji huu umewajaa, alimsalimu kwa uchangamfu: "Ciao, mama!" Bibi akamjibu kwa adabu kamili kwamba ahsante, chai tumeshakunywa.

Kwenye makaburi ya nguzo yaliyo karibu na Msikiti wa Juma alisimama bila kuomba kigoda, akasoma Fatiha. Hakuhitaji maelezo yangu. Alisema Takwa, kule kisiwani Manda, lipo kaburi la namna hiyo, na watu wa Shela huvuka kwenda kulizuru na kuomba mvua. Nguzo ya Vasco da Gama, kwa upande mwingine, tuliiendea kesho yake saa kumi na moja jioni, na sikumbuki mahali pengine palipomchosha haraka hivyo. Upepo pale kwenye ncha ya mwamba ulikuwa ukilitaka buibui lake, na kigoda kilianguka mara mbili. Nilimsimulia kwamba Mreno huyo alitia nanga Malindi mwezi wa Aprili 1498, baada ya kukosa masikilizano Mombasa, na kwamba msalaba ule ulio juu umetengenezwa kwa jiwe lililoletwa kutoka Ureno. Kwamba sultani wa Malindi alimpa rubani aliyemvusha bahari, na mwezi uliofuata wakafika Calicut.

"Na rubani, jiwe lake liko wapi?" akauliza.

Binti yangu aligeuka huku na huku akilitafuta. Tulirudi nyumbani kabla ya Magharibi, na kikanisa cha Wareno, ambacho pia kilikuwa kwenye ratiba, tulikipita kwa tuktuk bila kusimama.

Gede ndiko nilikotaka kufika tangu mwanzo wa maandishi haya. Ni kilomita 16 hivi kusini mwa Malindi, na tuliondoka asubuhi mapema ili tuingie kabla ya joto. Mimi nimewahi kwenda huko mara nne, mara mbili nikiwa na wageni na mara mbili na wanafunzi, na kila mara niliona kitu kilekile: kuta za mawe ya matumbawe zilizovunjika, mizizi ya miti iliyozikumbatia, kimya cha msitu, na vibao. Ni mahali pazuri pa kupiga picha. Nilidhani Bibi angechoka upesi, nikamwambia mwongozaji, mzee mtaratibu aliyevaa kofia ya vito, kwamba atuonyeshe msikiti mkubwa na jumba la kifalme tu.

Alianza vizuri. Alitueleza kwamba mji huu ulistawi kwa karne kadhaa na ukaachwa mwanzoni mwa karne ya 17. Kwamba uchimbaji mkubwa ulifanywa na James Kirkman kuanzia mwaka 1948. Kwamba kaburi tulilopita lina tarehe iliyochongwa, mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Bibi alikuwa akiitikia. Tulipoingia kwenye nyumba ya kwanza, alimwacha mzee yule katikati ya sentensi, akashuka polepole kwenye ua uliochimbwa chini kidogo kuliko njia, akashika ukuta, akasema, "Hiki kiwanda," akimaanisha ua wa ndani ya nyumba. Kisha akaupita mwanya uliokuwa mlango, akasema, "Huu msana," yaani ukumbi mrefu unaotazama ua. Akapita mwingine. "Hapa ndani. Na choo kiko huku," na akaenda huku, na choo kilikuwepo, chenye jiwe lake la kuketia na mahali pake pa kuwekea maji.

Si kwamba nyumba ya Gede ni sawasawa na nyumba ya Lamu. Hizi za Gede ni za zamani zaidi, nyingi hazina ghorofa, na hazina zile zidaka za chokaa (vishubaka vidogo) zilizopangwa ukutani ambazo watu huja Lamu kuzipiga picha. Lakini mpango wa kumsogeza mtu hatua kwa hatua kutoka nje hadi ndani, mgeni akomee hapa, jamaa apite pale, na chumba cha mwisho kiwe cha wenyewe, ni uleule, na Bibi aliufuata kwa miguu kama mtu anayeamka usiku kwenda kunywa maji nyumbani kwake. Mimi niliyekuwa nimepita hapo mara nne nilikuwa nimepita juu ya kuta. Sikuwahi kuingia nyumbani mwa mtu.

Mwongozaji naye alikuwa na busara ya kunyamaza. Baada ya nyumba ya pili alianza kumuuliza Bibi maswali. Alimuuliza mbona vyumba vyote ni vyembamba hivi, virefu kama vichochoro. Bibi alishangaa kwamba swali hilo linaulizwa. Alisema chumba hakiwezi kuishinda boriti. Dari hubebwa na vigogo vya mikoko, na kigogo kilichonyooka na chenye nguvu za kubeba mawe na chokaa hakizidi urefu fulani, yapata mita 2 na nusu, kwa hivyo hata uwe na fedha za kuijaza bahari, upana wa chumba chako ni uleule wa jirani yako maskini. Tajiri huongeza urefu, au huongeza vyumba. Baba yake alikuwa akizipanga boriti kwa unene, na kila unene ulikuwa na jina lake na bei yake. Alinyoosha mikono yake ukutani, akapima, akatabasamu. Nilimpiga picha hapo, na ndiyo picha pekee ya safari ile niliyoichapisha kwenye karatasi.

Nyumba za Gede zimepewa majina kwa vitu vilivyookotwa ndani yake wakati wa uchimbaji: kuna Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Sanduku la Pembe. Watoto walipenda mchezo huo, wakaanza kuipa jina nyumba yetu ya Barani. Mwanangu alipendekeza Nyumba ya Chaja. Bibi aliulizwa yake ingeitwaje. Akajibu bila kusita kwamba ingeitwa Nyumba ya Mbuzi. Mwongozaji aliuliza alifuga mbuzi wangapi, na tulicheka hadi yeye mwenyewe akatambua ni mbuzi gani.

Kwenye jumba la kifalme kuliingia tatizo la kuketi. Kigoda kilikuwa kimeachwa na mwanangu kule kwenye nyumba ya tatu, na Bibi, aliyekuwa amefika kwenye ua mkubwa, aliona ukingo wa jiwe uliokaa kama baraza hasa, akaketi. Mwongozaji alimwambia kwa upole mkubwa kwamba haturuhusiwi kuketi juu ya magofu, kwa sababu watu maelfu wakiketi mawe yatakwisha. Bibi hakubisha, ila alimuuliza mawe hayo yaliwekwa ya nini. Mzee wa watu alikaa kimya, akatazama huku na huku, akamwambia, "Bibi, pumzika kidogo mpaka kigoda kifike." Kigoda kilifika baada ya dakika tano. Katika dakika hizo Bibi alizungumza machache kuliko siku nzima. Alikuwa ameweka viganja vyake juu ya jiwe, pande zote mbili, akitazama mbele kama anayesubiri kuletewa kahawa.

Alitaka kuona kisima kabla ya kuondoka. Mwongozaji alikuwa ametutajia sababu ambazo wataalamu huzitoa kuhusu kuhamwa kwa mji: mashambulizi, vita, kuhamia kwa masultani wa Malindi Mombasa mwishoni mwa karne ya 16, na kushuka kwa maji ya visima. Bibi alichungulia ndani ya kisima cha msikitini, akaona majani makavu, akasema kwa Kiamu chake, Kiswahili cha Lamu, "Mai yaliwakimbia," na kwa upande wake mjadala ukafungwa. Nilipomwambia kwamba Gede iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, na Lamu ilikuwemo tangu 2001, alifurahi kwamba Lamu ilitangulia, kisha akaongeza, "Na sisi tumeandikwa tuli hai."

Kima mmoja alishuka mtini karibu na lango, akachukua embe kutoka kwenye kikapu alichokuwa amekipakata Bibi, bila pupa wala woga, akalila mbele yetu. Bibi alisema kwamba huyo ndiye pekee aliyekaribisha wageni kwa kula nao. Kwenye banda la mradi wa Kipepeo, ambapo watu wa vijiji vinavyopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke huuza pupa za vipepeo, yaani viwavi waliokwisha kujifunga ndani ya ganda, zinazosafirishwa ng'ambo, alikaa robo saa, hasa kwa kuwa palikuwa na benchi.

Watamu na Marafa hatukwenda, na siwezi kusema zilikosekana. Siku niliyoifurahia zaidi baada ya Gede hatukutoka kabisa. Mama mkwe wangu, ambaye ni Mgiriama na anakaa upande wa Marafa, alikuja kumwona mgeni, akiwa na kuku mmoja na mahindi mabichi. Wazee hawa wawili walitandikiwa mkeka chini ya mwarobaini nyuma ya nyumba, Bibi akipasua nazi na kuikuna kwa mbuzi yake, mama mkwe akichambua mchicha, na kila mmoja akizungumza lugha yake. Niliogopa kwamba ningehitajika kutafsiri. Haikuwa hivyo. Mmoja alisema mai, mwingine madzi. Mmoja mato, mwingine matso. Mmoja mui, mwingine mudzi. Na binti yangu, anayesema maji, macho na mji, alikaa katikati yao akirudia yote matatu kama wimbo. Wanaisimu huziweka lugha zetu hizi katika kundi moja wanaloliita Sabaki, kwa jina la mto uleule uliotuchafulia bahari. Nilipomweleza Bibi, alisema anausamehe mto. Jioni tulikula wali wa nazi na samaki wa kupaka, na ni kweli, kwa ladha ile blenda yangu haikuwa na la kusema.

Siku ya tisa niliamka nikakuta fundi mwashi langoni. Bibi alikuwa amemwagiza kupitia dereva wa tuktuk, bila kutuuliza, na alikuwa ameshamlipa nusu ya fedha zilizofungwa kwenye pindo la leso. Alitaka baraza, nje ya ukuta, kando ya lango, urefu wa watu wanne. Nilimwambia kwamba nyumba si yetu. Akaniambia kwamba nje pia si ya mwenye nyumba. Ilinibidi nimpigie simu mwenye nyumba, na baada ya kuniuliza mara tatu kama nitamkata gharama kwenye kodi, na mimi kumhakikishia mara tatu kwamba sitamkata, alikubali. Fundi alileta mawe ya kuchonga, saruji na mchanga, akamaliza kwa siku mbili, huku Bibi akiwa ameketi kwenye kigoda cha buluu akimsimamia, akimkosoa kimo: kiti kikiwa kirefu mzee hukaa miguu ikining'inia, kikiwa kifupi haamki. Alimfanya avunje safu ya juu mara moja. Mume wangu aliuliza, kwa sauti ya chini, kama tunajua ni nani atakayeketi hapo usiku, na swali lake lilikuwa la haki. Mtaani mwetu watu hufunga malango saa moja. Bibi alimsikia. Alisema mahali penye watu wanaojulikana hapakaliwi na wasiojulikana.

Alikaa juu yake jioni moja tu, saruji ilipokuwa imekauka, na jirani wa mkono wa kulia, ambaye kwa miaka 11 tumekuwa tukisalimiana kwa kupungiana mikono, alikuja na chupa ya chai. Kesho yake alfajiri tukamsindikiza Bibi na mjomba kwenye basi la Mokowe. Pakacha lilijaa vitu vya huku, korosho na tambi za Kiitaliano ambazo alisema anakwenda kuwaonyesha tu. Mbuzi aliiacha jikoni kwangu.

Sasa hupiga simu kila Ijumaa baada ya Alasiri. Hatuulizi hali zetu kwanza. Huuliza ni nani ameketi leo. Juma lililopita nilimtajia jirani wa kulia na mama yake, muuza mabuyu aliyekuwa akipumzika na beseni lake, mwanangu na rafiki zake wawili, na paka. Akataka kujua paka ni wa nani.